Adui anayebisha hodi: maisha ya Alfred Hitchcock

Makala haya yametokana na swali ambalo limekuwa likirudi kwenye simu na ujumbe mfupi kila tunapomaliza kipindi cha jioni: mbona adui wa kwenye tamthilia siku hizi ni mpole kiasi hiki? Anawaamkia wazee kwa adabu. Anambebea mama mkwe kikapu. Akimkuta mtoto analia, anamfuta machozi. Halafu usiku, wengine wakilala, anakaa peke yake kupanga nani afilisiwe na nani atiliwe sumu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulizoea jambo jingine. Adui wa enzi zile alijulikana kabla hajafungua mdomo. Alikuwa na kovu shavuni, miwani myeusi, kundi la walinzi nyuma yake na kicheko cha kutikisa ukuta. Steringi naye alijulikana. Mtoto wa darasa la pili angeweza kukuonyesha kwa kidole nani ni nani. Adui wa tamthilia ya leo hana alama yoyote, na ndiyo maana anatutisha hata baada ya kuzima luninga.

Tukimtafuta aliyemleta adui wa namna hii sebuleni kwetu, tunafika kwa Mwingereza mmoja mnene, mwenye upara, aliyevaa suti nyeusi na tai hata kwenye jua kali. Jina lake Alfred Hitchcock. Amefariki zaidi ya miaka 40 iliyopita. Hakuwa wa kwanza kutunga hadithi ya muuaji mwenye adabu, lakini ni yeye aliyemwingiza muuaji huyo majumbani mwa watu wiki baada ya wiki, kwa miaka kumi, mpaka waandishi wa tamthilia wakajifunza. Leo tunasimulia maisha yake, na mwishoni tutasema kwa nini maisha hayo yanamhusu hata mtu asiyetazama tamthilia kabisa.

Mtoto wa muuza mboga

Hitchcock alizaliwa tarehe 13 Agosti 1899 huko Leytonstone, pembezoni mwa London. Baba yake, William, alikuwa mfanyabiashara wa mboga, matunda na kuku. Mama yake aliitwa Emma. Walikuwa Wakatoliki katika nchi ambayo wengi walikuwa Waprotestanti, na Alfred alikuwa kitindamimba wa watoto watatu. Alikuwa mtoto mnene, mkimya, asiye na marafiki wengi. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kuwatazama watu.

Kuna kisa kimoja cha utotoni ambacho yeye mwenyewe alikisimulia mara nyingi mpaka uzeeni. Akiwa na umri wa miaka mitano hivi, baba yake alimpa barua na kumtuma kituo cha polisi. Mtoto akaipeleka bila kujua kilichoandikwa ndani. Askari akaisoma, akamshika mkono, akamfungia mahabusu kwa dakika chache, kisha akamtoa na kumweleza kuwa hivyo ndivyo wanavyofanywa watoto watukutu. Hakupigwa wala hakufokewa. Mtu mzima mwenye sare safi alimfungulia mlango kwa utaratibu, akaufunga kwa utaratibu. Hitchcock aliwaogopa polisi maisha yake yote, na alipoulizwa sababu, alikitaja kisa hiki.

Shuleni mambo hayakuwa tofauti sana. Alisoma katika shule ya mapadri Wajesuiti iitwayo St Ignatius. Mwanafunzi aliyekosea alichapwa kwa mkanda wa mpira, lakini, kama alivyosimulia, aliachiwa achague mwenyewe saa ya kwenda kuchapwa. Wengi walichagua mwisho wa siku. Matokeo yake, kutwa nzima mtoto alikaa darasani akiisubiri saa yake. Hitchcock alijifunza mapema kuwa kusubiri kunauma kuliko fimbo yenyewe, na baadaye kazi yake yote aliijenga juu ya jambo hilo.

Baba yake alifariki mwaka 1914, Alfred akiwa na miaka 15. Ikabidi ajitafutie riziki. Akaajiriwa na kampuni ya kutengeneza nyaya za simu na umeme iliyoitwa Henley's, na kwa kuwa alijua kuchora, akahamishiwa idara ya matangazo. Mnamo mwaka 1920 akapata nafasi katika studio ya filamu mtaa wa Islington, London. Filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, hivyo maneno yaliandikwa kwenye kadi na kuonyeshwa katikati ya picha. Kazi ya Hitchcock ilikuwa kuzichora kadi hizo.

Hapo studio alimkuta binti mdogo wa umbo aitwaye Alma Reville. Alma alikuwa mhariri wa filamu mwenye uzoefu kuliko yeye, ingawa kwa umri alikuwa mdogo kwake kwa siku moja tu. Walioana Desemba 1926 na wakapata mtoto mmoja, Patricia. Kuanzia hapo mpaka mwisho, hakuna alichofanya Hitchcock ambacho Alma hakukipitia kwa macho yake. Watu walilijua jina la mume, lakini kazi ilikuwa ya wawili.

Nyoka chini ya mkeka

Filamu iliyomtambulisha ilitoka mwaka 1927 na kuitwa The Lodger, yaani mpangaji. London iko kwenye hofu kwa sababu kuna mtu anaua wanawake. Usiku mmoja kijana nadhifu anabisha hodi kwenye nyumba ya familia moja na kuomba chumba. Ni mpole, analipa vizuri, lakini anatoka usiku na haelezi anakokwenda. Binti wa nyumba anaanza kumpenda. Wazazi wanaanza kumwogopa.

Mwishoni mpangaji huyo anaonekana hana hatia. Mwigizaji wake, Ivor Novello, alikuwa kipenzi cha wanawake wa Uingereza, na wenye studio hawakutaka kipenzi hicho kiwe muuaji. Hitchcock alikubali, lakini wazo lile hakulitupa. Alibaki nalo kwa miaka 16.

Katika miaka hiyo aliboresha fundi yake ya kumweka mtazamaji roho juu. Mwenyewe aliieleza kwa mfano wa bomu lililotegwa chini ya meza. Sisi kwa mazingira yetu tuseme nyoka. Watu wawili wamekaa barazani wanapiga soga, na chini ya mkeka kuna swila. Kama mtazamaji hajui, nyoka atatokea ghafla, mtazamaji atashtuka sekunde mbili, basi. Lakini ukimwonyesha nyoka kwanza, halafu ukawaacha wale wawili waendelee kuulizana habari za mavuno na bei ya mbolea, mtazamaji atateseka dakika tano nzima. Atataka kuwapigia kelele watoke. Maneno ya kawaida kabisa yanageuka kuwa mateso.

Adui mpole anafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Yeye ndiye nyoka, na adabu yake ndiyo mkeka. Ukishajua alivyo, kila anapomwaga chai kwenye kikombe cha mtu, kila anaposema asante, wewe unaumia.

Mjomba aliyekuja na zawadi

Mwaka 1939 Hitchcock alihamia Marekani na familia yake kufanya kazi Hollywood. Mwaka 1943 ikatoka filamu ambayo wengi wanaihesabu miongoni mwa kazi zake bora, Shadow of a Doubt. Safari hii hakuna mwenye studio aliyemzuia.

Katika mji mdogo wa Santa Rosa, jimbo la California, kuna familia ya kawaida. Mama wa nyumba anaitwa Emma, jina la mama mzazi wa Hitchcock, ambaye alifariki Uingereza mwaka 1942 wakati mwanawe akiwa kwenye kazi hii. Siku moja kaka yake Emma anakuja kutembea. Anaitwa Charlie, na mtoto mkubwa wa kike wa nyumba ile amepewa jina lake. Mjomba Charlie ni mtanashati, mcheshi, mkarimu. Kila mtu anapata zawadi yake. Binti anapewa pete. Mji mzima unampenda. Wanamwalika azungumze mbele ya akina mama.

Kwetu tunajua uzito wa mjomba. Ni mtu unayemkimbilia. Ndiyo maana filamu hii inaingia moyoni, kwa sababu binti anagundua kuwa ndani ya ile pete kuna herufi za jina la mtu mwingine, na herufi hizo ni za mwanamke mjane aliyeuawa. Mjomba Charlie anawaoa au kuwazoea wajane wenye mali, kisha anawanyonga na kuchukua walichonacho.

Kuna tukio moja la mezani. Familia inakula chakula cha usiku, na mjomba anaanza kuzungumza juu ya wajane matajiri. Sauti haipandi. Anazungumza kama mtu anayeeleza bei ya ng'ombe mnadani. Binti anamkatiza, anasema hao nao ni binadamu. Mjomba anageuka taratibu, anaangalia moja kwa moja kwenye kamera, na kwa swali fupi anaonyesha kuwa kwake jambo hilo halina uhakika. Kisha chakula kinaendelea.

Tangu binti alipoonyesha kuwa hamwamini tena, upole wa mjomba unabadilika. Ngazi ya nyuma inakatwa ili aanguke. Anafungiwa kwenye banda la gari lililojaa moshi. Mwisho mjomba anajaribu kumsukuma nje ya treni inayokwenda, lakini anaanguka yeye mwenyewe na kufa. Mji wa Santa Rosa unamzika kwa heshima kubwa. Hotuba zinatolewa za kumsifu. Nje ya kanisa wamesimama watu wawili tu wanaojua ukweli, binti na askari mpelelezi, nao wananyamaza.

Miaka miwili kabla ya filamu hiyo, mwaka 1941, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Hervey Cleckley, alikuwa ametoa kitabu kuhusu watu wa aina hii. Aliwaeleza kuwa ni watu wenye akili timamu mbele ya macho ya jamii, wenye mvuto na maneno mazuri, lakini ndani hawana majuto, hawana haya, wala hawaumii mwingine akiumia. Watu wengi huwaita sosiopathi au saikopathi. Kwa Kiswahili cha kawaida tunaweza kusema ni mtu asiye na dhamiri. Wahenga waliliona hilo zamani waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hitchcock aliendelea na mtu huyu mwaka 1951 kwenye Strangers on a Train. Bruno, kijana wa familia tajiri, anakutana na mcheza tenisi kwenye treni na kwa uchangamfu mkubwa anampa pendekezo: mimi nimuue mkeo anayekusumbua, wewe umuue baba yangu. Mcheza tenisi anadhani ni utani. Bruno anakwenda kumnyonga yule mke kwenye viwanja vya michezo. Njiani anaipasua puto ya mtoto kwa ncha ya sigara. Akitoka kuua, anamkuta kipofu anataka kuvuka barabara, anamshika mkono na kumvusha. Mtu mmoja, saa moja, mambo yote hayo. Hitchcock hakueleza chochote, alituonyesha tu. Na mcheza tenisi anapokataa kutimiza sehemu yake, urafiki wa Bruno unageuka kuwa kisasi.

Anaingia sebuleni

Tarehe 2 Oktoba 1955 ndipo Hitchcock alipoingia kwenye luninga. Kwetu Tanganyika chombo hicho kilikuwa bado hakijafika, na Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Lakini Marekani luninga ilikuwa imeshaenea, na watengeneza filamu wakubwa waliidharau. Yeye hakuidharau.

Kipindi kiliitwa Alfred Hitchcock Presents. Kilianza kwa mchoro wa uso wake wa upande, mistari michache aliyoichora kwa mkono wake, halafu kivuli chake mwenyewe kikaja kuujaza mchoro huo huku muziki wa taratibu ukipigwa. Kisha alisimama mbele ya kamera na suti yake nyeusi, akasalimia polepole kama mchungaji anayeanza ibada, akatania kidogo juu ya kifo na juu ya matangazo ya biashara, akakaribisha hadithi. Maneno hayo aliandikiwa na mwandishi James Allardice. Uzalishaji ulisimamiwa na Joan Harrison, mwanamke aliyeanza kama katibu wake miaka ya 1930. Mpaka kipindi kinafungwa mwaka 1965, kikiwa kimerefushwa kutoka nusu saa hadi saa nzima, kulikuwa na hadithi 361. Hitchcock mwenyewe aliongoza 18 tu, lakini uso ulikuwa wake.

Ona alichokifanya. Mtangazaji mwenyewe alikuwa mfano wa somo. Mzee mwenye adabu, sauti ya upole, anakueleza habari za mauaji kama anakueleza habari za hali ya hewa.

Wauaji wa kipindi hicho wengi walikuwa watu wa jirani. Katika hadithi moja ya mwaka 1956, mume mstaarabu anachimba shimo kwenye chumba cha chini ya nyumba, anamwambia mkewe ni la kuhifadhia mvinyo. Anamuua, anamzika humo, anasafiri kwenda Marekani akiwa ametulia. Huko anapata barua inayoonyesha kuwa marehemu mkewe alikuwa ameshaagiza mafundi waje kukifukua chumba kile, iwe zawadi yake ya Krismasi. Hadithi inaishia kwenye uso wake.

Katika nyingine ya mwaka 1958, mke mjamzito anaambiwa na mumewe askari kuwa anaachwa. Anampiga kichwani kwa paja la mwanakondoo lililoganda kama jiwe kwenye friza. Kisha analipika. Askari wanaokuja kutafuta silaha wanakaribishwa mezani, wanakula nyama, wanaendelea kujiuliza silaha iko wapi. Mke amekaa chumba cha pili, anatabasamu. Mwigizaji wake aliitwa Barbara Bel Geddes, na jina hilo tutalirudia.

Ukizitazama hadithi hizi kwa makini, unaiona njia ya kumtengeneza adui mpole, na ni njia ile ile inayotumika katika tamthilia tunazozitazama leo zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kwanza, mpe mavazi safi na sauti ya chini. Pili, mfanye apendwe na wazee na watoto, ili atakayemshuku aonekane ndiye mwenye roho mbaya. Tatu, mjulishe mtazamaji ukweli mapema kuliko wahusika wengine. Nne, mpe dakika moja tu ambayo barakoa inateleza: swali la mezani, puto la mtoto, tabasamu la chumba cha pili. Ukiitoa barakoa muda wote, adui anakuwa yule wa kibanda umiza, na hakuna anayeogopa tena.

Mwaka 1960 Hitchcock alichukua mafundi wa kipindi cha luninga na kutengeneza nao filamu ya bei nafuu isiyo na rangi, kwa dola 800,000 hivi. Ikaitwa Psycho. Kwenye kitabu ilikotoka hadithi hiyo, mwenye nyumba ya wageni, Norman Bates, ni mtu mzima, mnene, mlevi. Hitchcock akampa nafasi hiyo Anthony Perkins, kijana mwembamba, mwenye aibu, anayemkaribisha mgeni wa kike kwa mkate na maziwa. Norman si mtu asiye na dhamiri kama Mjomba Charlie. Yeye ni mgonjwa ambaye akili yake imegawanyika. Lakini adabu ile ilifanya kazi ile ile: mgeni alioga bila wasiwasi. Inasemekana ni Alma aliyegundua kuwa marehemu kwenye picha bado alionyesha dalili ya uhai, wakakata kipande hicho kabla filamu haijatoka.

Upande wa pili wa mtu huyu

Tungeweza kuishia hapo na kumsifu. Lakini maisha ya mtu hayasimuliwi nusu.

Mwaka 1961 Hitchcock alimwona mwanamitindo kwenye tangazo la luninga, akamwita na kumpa mkataba wa miaka mingi. Aliitwa Tippi Hedren. Akamweka kwenye filamu ya The Birds ya mwaka 1963, inayohusu ndege wanaowashambulia watu. Kwa tukio la mwisho la chumbani, Hedren alisimulia kuwa aliahidiwa ndege wa bandia. Alipofika alikuta ndege hai, nao wakarushwa kwake kwa siku kadhaa, mmoja akamkwaruza karibu na jicho, mpaka daktari akaamuru apumzike.

Miaka mingi baadaye, na kwa urefu zaidi katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2016, Hedren alieleza kuwa Hitchcock alimfuatafuata, akamshika bila ridhaa yake, na alipomkataa wakati wa filamu ya pili, Marnie ya mwaka 1964, alimtishia kumwangamiza kikazi na kumbana kwa mkataba ule. Wako waliofanya kazi na Hitchcock, wakiwemo waigizaji wa kike, waliosema hawakuona jambo kama hilo kwake. Hitchcock hawezi kujibu. Habari hizo ziliandikwa kwa uwazi baada ya kifo chake.

Sisi hatukai kwenye kiti cha hakimu. Tunachokiona ni kwamba maelezo ya Hedren yana umbo tunalolifahamu kutoka kwenye filamu zenyewe. Mtu mkubwa, mwenye heshima, anampa binti nafasi, nguo na sifa. Mambo ni mazuri mpaka siku binti anaposema hapana. Kuanzia hapo ndipo anapokutana na mtu mwingine ndani ya suti ile ile. Na watu wa nje, kama wale wa Santa Rosa, wanaendelea kumshangilia.

Kurudi sokoni

Mwaka 1971, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, Hitchcock alirudi London kutengeneza Frenzy. Muuaji wa filamu hiyo, Bob Rusk, ni mfanyabiashara mchangamfu wa soko la Covent Garden. Anawapa rafiki zake matunda, anampenda mama yake, kila mtu anamwamini. Biashara yake ni matunda na mboga. Mtoto wa muuza mboga wa Leytonstone alikuwa amemaliza mzunguko: safari hii alimpa muuaji kazi ya baba yake mwenyewe.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1976. Alikuwa ametajwa mara tano kuwania tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora bila kuipata hata mara moja. Mwaka 1979, alipopewa tuzo ya heshima ya maisha na taasisi ya filamu ya Marekani, aliomba kuwashukuru watu wanne: mhariri, mwandishi, mama wa mtoto wake na mpishi hodari. Wote wanne walikuwa mtu mmoja, Alma, aliyekuwa amekaa karibu naye. Mwanzoni mwa 1980 Malkia wa Uingereza alimpa hadhi ya Sir. Tarehe 29 Aprili mwaka huo huo alifariki nyumbani kwake Los Angeles, figo zikiwa zimeshindwa kazi. Alikuwa na miaka 80. Alma alimfuata mwaka 1982.

Alichotuachia

Wakati Hitchcock anafariki, luninga ya Marekani ilikuwa imeshampata mrithi wa Mjomba Charlie. Tamthilia ya Dallas ilianza mwaka 1978, na adui wake, J.R. Ewing, alikuwa mfanyabiashara wa mafuta mwenye tabasamu pana na kofia kubwa, anayemkumbatia ndugu yake asubuhi na kumfilisi jioni. Mama mzazi wa J.R. katika tamthilia hiyo aliigizwa na Barbara Bel Geddes, yule yule aliyewapikia askari paja la mwanakondoo miaka 20 nyuma. Tangu hapo adui mwenye adabu hajaondoka. Hata Norman Bates alirudishwa kwenye luninga mwaka 2013 kwa tamthilia ya kuonyesha ujana wake.

Basi turudi kwenye swali la mwanzo. Adui wa tamthilia ni mpole kwa sababu waandishi wamejifunza kuwa ubaya wenye kelele unakimbiwa, na ubaya wenye adabu unapewa kiti. Hilo si la luninga peke yake. Anayekupigia simu kukuambia umeshinda zawadi hakufokei. Anakuita mama, anakuita mzee wangu. Anayekuja kijijini kumwomba binti yako akafanye kazi mjini anakuja na sukari na khanga. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Hatusemi mwogope kila mwenye adabu. Adabu ni jambo jema, na wengi wenye upole ni wapole kweli. Tunasema adabu peke yake si kipimo. Kipimo tunachokipata katika kazi za Hitchcock, na pengine katika maisha yake mwenyewe, ni kimoja: mtazame mtu anapoambiwa hapana. Mwambie anayeomba namba yako ya siri kwamba utamuuliza kwanza mwanao. Mwambie anayemtaka binti kwamba utakwenda mwenyewe kuiona nyumba anakopelekwa. Mtu mwema atasema sawa, nenda ukaulize. Yule mwingine sauti itabadilika, atakuharakisha, atakukasirikia, atakutisha.

Na binti wa nyumba akija kukunong'oneza kuwa mgeni wenu anayependwa na wote hamwelewi, usimnyamazishe kwa sababu mgeni alileta zawadi. Kaa naye chini, umsikilize mpaka amalize.